Mchoraji wa Songambele

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Maua Ilyas Shaaban
Umri: Miaka 43
Kazi: Mfanyabiashara, duka la vitambaa na mapazia
Dini: Mwislamu
Makazi: Kayanga, Wilaya ya Karagwe
Yameandikwa: Kituo cha polisi, Kayanga, tarehe 15 Februari 2025
Mpokeaji wa maelezo: WP Koplo Evelyn

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nasema ninayoyajua mimi mwenyewe.

Ninaishi na mama yangu mzazi, Bi Nusra, na wanangu wawili wa kike. Mwaka jana tulihamia nyumba niliyoijenga. Kuta zilikuwa tupu. Sikutaka zile picha za maua ya plastiki zinazouzwa kila duka, nilitaka vitu vilivyofanywa na watu wa huku kwetu, mgeni akiingia ajue yuko Karagwe.

Mnamo tarehe 11 Januari 2025, siku ya Jumamosi, nilikutana sokoni Kayanga na mwanaume anayeitwa Leonidas, mkazi wa Songambele, Wilaya ya Kyerwa. Alikuwa amepanga chini picha za imigongo. Ni mbao zinazopakwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, zikainuliwa matuta kwa vidole, zikikauka zinapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Nilishazoea kuona za haraka haraka. Hizi hazikuwa za haraka. Matuta yalinyooka kama yamepimwa kwa uzi, halafu kwenye kona yanageuka ghafla, mpaka unajikuta umesimama unazifuata kwa macho. Nilimuuliza ni nani amezifanya. Alisema, "Ni mikono hii, dada." Nilichukua tatu.

Alizileta nyumbani mwenyewe siku iliyofuata ili azipigilie ukutani. Alizunguka nyumba nzima. Aliuliza nani analala wapi, mlango wa nyuma unafungwaje, jua linaingilia upande gani. Alisema anataka kujua picha ipi ikae wapi. Mimi nilimwona fundi anayejali kazi yake. Mama alimpa chai na wakaongea sana, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na anajua kusikiliza wazee.

Picha moja ilikuwa imebanduka tuta pembeni, njiani. Nikamwambia, "Fundi, hapa parekebishe tu sasa hivi, majivu yapo jikoni." Alipapasa pale palipobanduka, akasita, akasema haiwezekani, lazima airudishe nyumbani. Alitundika mbili na kuondoka na ile moja. Aliahidi wiki moja. Wiki zikapita, na simu yake ikawa haipatikani.

Mnamo tarehe 9 Februari 2025, Jumapili, niliamua kumfuata. Nilitaka picha yangu, na nilitaka nichague nyingine ya chumba cha mama. Nilipanda gari hadi Songambele. Hapo nilimuuliza kijana wa bodaboda anayeitwa Theoneste kama anapafahamu kwa Leonidas, akasema anapafahamu, akanipeleka. Barabara iliishia kwenye shamba la migomba. Theoneste alibaki na pikipiki, mimi nikafuata njia ya miguu hadi kwenye nyumba. Ilikuwa inakaribia adhuhuri.

Nilipiga hodi mara kadhaa. Kimya. Uani mbao zilikuwa zimeanikwa juani, zina samadi mbichi, na matuta yake ni yale yale ya kwangu. Nyuma ya nyumba kuna chumba kimoja cha matofali ya udongo, mlango wa bati, na kufuli limefungwa kwa nje. Dirisha limepigiliwa mbao. Ubao wa chini umekatwa, pakabaki uwazi wa kupitisha mkono.

Nilisikia sauti ya mwanamke kutoka humo ndani. Aliongea Kinyambo kwanza, akiuliza ni nani. Nilimwambia mimi ni Maua wa Kayanga, namtafuta fundi wa picha.

 Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, "Ni wewe uliyechukua ile ya ncha ncha na mbili za mapembe?"

Nikasema ndiyo.

"Umeziweka wapi?"

"Sebuleni, juu ya kochi."

"Jua linazifikia?"

Nikamwambia asubuhi linazifikia.

"Zihamishe. Nyeusi itapauka." Halafu akasema, "Zangu hizo, mama. Nazifanya mimi."

 Nilimuuliza ufunguo uko wapi, akasema anao shemeji yake. Alisema jina lake ni Immaculata na kwamba mume wake marehemu alikuwa mdogo wake Leonidas. Nilimuuliza amefungiwa tangu lini. Alisema tangu mazishi ya mume wake. Alisema ule mgomba ninaouona hapo nje aliuona ukizaa, ukakatwa, na chipukizi lake sasa nalo lina mkungu.

Nilimwambia nitaita watu. Akatoa mkono pale dirishani akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu sana. Vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka, vimejaa udongo mweupe wa rangi. Alisema, "Usiite wa hapa. Wa hapa waliambiwa nimerudi kwetu, na wanaosikia sauti wameambiwa kuna mgonjwa wa akili. Waambie watu wa mbali. Na yeye asijue umeniona. Akijua nimeongea na mtu ananinyima maji."

Wakati huo nilisikia pikipiki ikizimwa kwa mbele. Haikuwa ya Theoneste. Immaculata aliuvuta mkono wake ndani. Mimi nilizunguka upande wa pili wa nyumba, nikakaa kwenye benchi barazani, na Leonidas akatokea kwenye migomba.

Nilitazama mkono wangu wa kulia nikaona alama za vidole vya Immaculata, nyeupe, zimezunguka kifundo chote. Niliuingiza ndani ya mtandio.

Leonidas alisema, "Dada Maua! Karibu. Umefika zamani?"

Nikasema, "Sasa hivi tu. Nimepiga hodi naona hakuna mtu."

Alinyoosha mkono. Nikamwambia, "Samahani, nina udhu, adhuhuri imefika."

Aliuacha mkono wake hewani kidogo. Akasema, "Siku ile nyumbani kwako ulinipa mkono."

Nikamwambia siku ile nilikuwa nimeshaswali. Alicheka. Aliuliza kama nimezunguka nyuma. Nikasema hapana. Akasema, "Kuna mgonjwa wetu kule, akili zake si nzuri. Hajakusumbua?" Nikasema sijasikia kitu chochote.

Hapo hapo Immaculata alikohoa. Sote wawili tulisikia. Leonidas alinitazama usoni bila kupepesa.  Nikasema, "Kumbe yupo. Mpe pole yake." 

Aliingia ndani akaleta picha yangu ikiwa imetengenezwa, akanipa niipokee. Ubao ule ni mzito, haushikiki kwa mkono mmoja. Nilimwita Theoneste kwa sauti, nikamwambia mgongo unanisumbua aje anipokelee. Theoneste alikuja akaichukua. Leonidas hakuitazama picha ilipopokelewa. Alikuwa anautazama mtandio wangu.

Alitusindikiza hadi kwenye pikipiki. Alisema atakuja mwenyewe kuipigilia, nisihangaike kutafuta fundi mwingine. Halafu akasema, "Msalimie Bi Nusra. Lile dirisha la chumba chake bado halijawekwa nondo, sivyo?" Nikasema fundi wa nondo anakuja kesho. Si kweli. Sikuwa nimemwita fundi yeyote.

Tulipofika mbali Theoneste aliniuliza mkono wangu una nini. Nilimweleza. Alisimamisha pikipiki pembeni ya barabara, akakaa chini. Alisema alikuwepo kwenye mazishi ya mume wa Immaculata na alibeba jeneza. Alisema waliambiwa mjane amechukuliwa na ndugu zake. Alirudia neno hilo mara nyingi, "Tuliambiwa." Theoneste yupo tayari kuandika maelezo yake.

Jioni hiyo hiyo nilifika kituoni hapa nikatoa taarifa kwa mdomo. Sikuwa nimenawa mkono, na Koplo Evelyn aliupiga picha. Mnamo tarehe 10 Februari nilipigiwa simu kwamba askari wa Kyerwa wamefika, wamevunja kufuli na wamemtoa Immaculata akiwa hai. Leonidas hakuwepo. Niliambiwa niwe mwangalifu. Mama sikumwambia lolote, kwa sababu ana presha. Nilimwambia tu asifungue mlango kwa mtu asiyemfahamu.

Mnamo tarehe 11 Februari 2025, Jumanne, nilikuwa dukani, watoto wako shule. Kama saa saba mchana mama alinipigia simu. Alisema, "Mbona hukuniambia fundi wako wa picha anakuja leo? Yupo hapa, nimempa chai anakusubiri."

Nilimwuliza mama amekaa wapi. Akasema wamekaa pamoja sebuleni. Nilisema, "Sawa, mama, nakuja." Nilikata simu. Nilimwachia duka msichana wangu wa dukani. Nilimpigia Koplo Evelyn nikamwambia yuko nyumbani kwangu na mama yangu. Aliniambia nisiende, niwasubiri. Nilimjibu kwamba ni mama yangu. Nikaenda.

Nilimkuta Leonidas amekaa kwenye kochi, kikombe kiko mezani, na nyundo ameipakata. Picha mbili za ukutani alikuwa ameshazishusha, ameziegemeza mlangoni. Mama alisema, "Anasema zina kasoro, anazirudisha." Mama alikuwa anatabasamu. Nilikwenda kukaa karibu naye nikamshika mkono, akashangaa, akasema mbona una baridi hivyo.

Leonidas alisema, "Dada Maua, umemweka wapi?"

Nikasema, "Nani?"

"Usinisumbue mbele ya mzazi. Nimemtunza mimi. Nimemlisha mimi. Umemweka wapi?"

Hakupaza sauti hata kidogo. Mama aliuliza ni nani anayetafutwa.  Leonidas alikuwa anaigeuza ile nyundo taratibu mapajani, hivi na hivi. Nilimwambia sijui alipo, na kwa kweli nilikuwa sijui. Akasema, "Basi mpigie anayejua. Hapa hapa, nisikie."

Nilimpigia Koplo Evelyn. Nikasema, "Yule mgeni wetu anauliza Immaculata yuko wapi." Koplo aliniambia kwa sauti ya chini, "Tuko getini. Sema ataletwa." Nikasema, "Anasema ataletwa."

Leonidas aliniangalia kwa muda. Mama alikuwa ameanza kuelewa, kwa sababu alianza kusoma Ayatul Kursiy chini kwa chini. Nilimwomba Mungu moyoni Leonidas asinyanyuke tu. Akanyanyuka. Alinyanyuka na nyundo mkononi akaja hadi tulipokaa, akasimama mbele yetu. Nilifumba macho. Nilimlalia mama kifuani kumkinga.

Nilisikia mlango. Nilipofumbua macho askari wawili walikuwa ndani na bunduki. Leonidas aliiweka nyundo mezani kando ya kikombe, polepole, kama mtu anayemaliza kazi. Akanyoosha mikono ikafungwa pingu. Alipokuwa anatolewa aligeuka akamwambia mama, "Asante kwa chai, Bi mkubwa." Mama alianguka hapo hapo. Alilazwa siku mbili, sasa amerudi nyumbani, lakini anataka milango yote ifungwe mchana na watoto wasitoke.

Mnamo tarehe 13 Februari nilikwenda hospitali kumwona Immaculata. Ni mwembamba, na mwanga unamuumiza macho, amefunikwa khanga usoni. Alinitambua kwa sauti. Hakuuliza kingine, aliuliza, "Umemwona amefungwa pingu? Kwa macho yako?" Nikasema nimemwona. Baada ya muda akauliza tena. Nilikaa naye hadi nilipoambiwa muda wa wageni umekwisha, na aliniuliza hilo hilo kila alipostuka usingizini.

Jana Ijumaa alikuja dukani kwangu mama mzee. Nilimwamkia shikamoo akaitikia vizuri. Alisema yeye ni mama yake Leonidas na mkwe wa Immaculata. Alilia. Aliniomba tuyamalize kinyumbani, alisema ni mambo ya familia, na kwamba mimi ni mtu wa kununua picha tu, haya mengine hayanihusu. Nilimuuliza kama alijua kwamba Immaculata yumo mle ndani.  Alijifuta machozi, akasimama mlangoni, akasema, "Wanao nimewaona pale shuleni. Wazuri, wamefanana na wewe." Akaenda zake.

Baada ya hapo nilifunga duka. Usiku kucha nimefikiri nisije hapa. Nimekuja kwa sababu Immaculata akisema peke yake wataleta ile habari ya wazimu, na mimi nilizungumza naye. Si mwendawazimu. Alijua kazi zake moja moja na alitaka kujua zinatunzwaje.

Ninaogopa sana. Naomba na hilo liandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe, na nitayasema tena mahakamani nikiitwa.

Sahihi ya shahidi: Maua I. Shaaban

Maelezo ya mpokeaji: Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Shahidi alianza kusaini akaiweka kalamu chini, akauliza kama mshtakiwa atasomewa jina lake yeye shahidi. Nilimweleza ukweli kwamba atasomewa. Aliichukua tena kalamu, akasaini. Askari mmoja ametumwa kuwachukua watoto wake shuleni, kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi.

WP Koplo Evelyn