Bukari ya Mama Panya

Jumatatu, 4 Machi 2024
Leo tena kugeuza vitoto vya panya. Unakilaza chali, unabonyeza saa ya simu, unangoja kijigeuze. Vya mama anayeshiba — kufumba na kufumbua. Vya mama tunayemlisha nusu vinapiga miguu hewani, vinachoka, vinaanza upya. Njaa ya uchanga inachelewesha neva. Ndiyo mémoire yangu hiyo, tasnifu ya kumalizia chuo, niliichagua kabla Exaucée, mtoto wa dada yangu, hajaja kukaa kwangu. Sasa kila nikirudi nyumbani naitazama miguu yake.

Alhamisi, 7 Machi
Vitoto vya njaa vimenenepa! Nikadhani mzani umeharibika. Kumbe Mama Chomba, anayefagia chumba cha wanyama, amekuwa akimmegea mama yao bukari yake, ugali wake wa mchana. Nikafoka. Wala hakuona haya.
— Minamupatiaka kidogo tu. Mama mwenye kunyonyesha, banamunyimaka chakula? Ile ni zambi.
Prof Gauthier, msimamizi wangu, anasema kundi limekuwa foutu, limeharibika, tulitupe, tuanze upya. Nimeomba hadi Jumanne, nione kama chakula kilichochelewa kinasaidia. Nimesema ni kwa ajili ya sayansi. Uongo mtupu.

Jumapili, 10 Machi
Dada yangu Huguette alimleta Exaucée kutoka Kambove baada ya Krismasi. Miaka mitatu, mifupa mitupu. Tangu azaliwe ni uji wa maji, baba yake anachimba madini na hapati kitu. Sasa mashavu yamejaa, leo kanisani wamenisifu. Tukitoka akaanguka mlangoni, pasipo na kizingiti wala jiwe. Mtoto wa jirani, mdogo kwake, anakimbiza mpira. Husemwa kawia ufike. Je, chakula nacho? Naogopa.

Jumanne, 12 Machi
Nimekuja maabara na Exaucée, hakuna wa kumwachia. Mama Chomba amemchukua nje.
Uzito wa vitoto umerudi, karibu sawa na wa vile vilivyoshiba. Nikafurahi kijinga. Cha kwanza nikakilaza: kinene, chenye joto, kikapiga miguu hewani, kikachoka. Cha pili vilevile.
Nje namsikia Mama Chomba akipiga makofi, anamwita Exaucée atembee aje kwake: “Kuya, mama. Kuya.” Halafu kishindo kidogo. Halafu tena: “Haina kitu. Simama. Kuya.”
Cha tatu nimekigeuza mwenyewe, kwa kidole.
Prof Gauthier yuko mlangoni, anauliza kama chakula kimesaidia. Nimemwambia asubiri kidogo, naandika.