Vibandiko vya Vizimba

Bibi yangu Robhi,

Shikamoo bibi. Macho yanaendeleaje? Na mtama je, tembo wameuacha mwaka huu? Huku Nairobi mumeo mdogo ni mzima, ila usingizi sipati tangu baba aliponipigia simu kunieleza kwamba Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa kumrudisha mke wangu kwao, na ng'ombe wa mahari warudi, eti miaka sita hajazaa.  Haya ninayokuandikia siwezi kumtamkia baba. Wewe naweza.

Usicheke: kazi yangu hapa ni kutunza panya weupe wa maabara. Alikuwepo dume mmoja mnene, mkali, kila jike anampanda. Mimba hakuna. Mimi na Ukurya wangu nikawalaumu majike. Nikabadilisha watatu, na kwenye vibandiko vya vizimba vyao nikaandika: TASA. Mkuu wangu akasoma, akaniuliza, "Marwa, dume umempima?"

Nikamjibu, "Dume mzima huyu, si unamwona?"

Weee! Alinicheka siku nzima. Majike walipopewa dume mwingine, wote watatu walizaa.

Akanieleza kwamba mbegu za kiume zinapotengenezwa, nyuzi za urithi mwilini hukatika na kuungwa upya. Kuna vinasaba ambavyo kazi yao ni kuunga. Dume yule alizaliwa na kimoja kibovu, basi mbegu zake hufa kabla ya kukomaa. Kwa nje huoni kitu.

Bibi, niliogopa. Nikaenda hospitali, nikapimwa mara mbili. Mbegu hakuna, hata moja. Daktari anasema mtu si panya, chanzo changu bado wanakitafuta. Nililia chooni kama mtoto.

Jumamosi usikubali wakae bila wewe. Cheti cha daktari nimekifunga humu, wakibisha waonyeshe. Nisalimie baba, kaka Chacha na ng'ombe wake, na shangazi aliyeolewa Nyangoto.

Na wewe Ghati, mke wangu, najua ndiwe unayemsomea bibi. Usiruke hapa. Soma kwa sauti, mama akusikie huko jikoni: Ghati si tasa. Asiyezaa ni mimi. Miaka sita nimewaacha wakubandike jina hilo, nami sikuwahi kujipima. Nisamehe. Ukitaka kuondoka, ondoka kwa hiari yako. Kufukuzwa, hapana.

Mume wenu nyote wawili,
Marwa