Majina ya Mapacha wa Dada

Wewe, uko wapi? Nimejificha jikoni kwa dada, nacheka peke yangu kama mwehu.

Shemeji yangu, yule wa semina ya wiki mbili anayejiita Profesa, leo ametutangazia majina ya mapacha. Amesimama sebuleni na daftari. Ati Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki lakini majina yamebeba Kiebrania tumboni, na sisi wajinga tunayataja tu kama kasuku.

Hapo sawa, sibishi.

Akasema, "Wa kiume ni Anania, yaani Mungu ametoa neema. Wa kike ni Safira, yaani mzuri."

Anania na Safira. Nilimwambia arudie, nikidhani ananitania. Akarudia, tena kwa madaha.

Wale wa Agano Jipya hilohilo, mtu na mkewe waliodanganya kuhusu bei ya kiwanja, wakaanguka wakafa siku moja. Maana ya majina ameichimba mpaka kwenye mzizi, kisa chenyewe hajakisoma.

Dada akamuuliza taratibu kama ameshawaandikisha. "Bado. Jana si nilikuwa kazini kutwa?"

Akafungua daftari atuonyeshe Kiebrania chake. Vikadondoka vyeti viwili vya kuzaliwa, vina mhuri wa jana.



Mama alikuwa amempakata pacha mmoja. Akamsukumia shemeji kiti kwa mguu.

"Keti, mkwe wangu. Anania naye alidanganya akiwa amesimama."