Barabara Ambayo Hatukuvuka

Bijou mujukuu wangu,

Barua yako imefika Bukavu, sisi wote tuko wazima. Unasema directeur wako anamukataza infirmière, muuguzi, asiingie masomoni, eti mambo ya kichwa, huzuni na mawazo ya watoto, ni ya nyumbani. Nilisoma hayo mpaka chai ikapoa.

Wakati wa Zaïre nilikuwa mwalimu kijana kama wewe. Nsimire, mutoto wa darasa langu, alikuwa haimbi mbele ya drapeau, ile bendera. Kila asubuhi nilimuacha asimame kwenye jua, na kwenye bulletin, karatasi ya maksi na tabia, nikaandika: conduite mbaya. Siku moja malaria ikanipeleka dispensaire, ng'ambo ya barabara tu, mbele ya masomo yetu. Infirmière akaniuliza:

"Nsimire iko namna gani? Shangazi yake anamuleta hapa. Tangu mama yake akufe, hasemi, halali. Nilizani munajua."

Tungejua wapi? Hakuna aliyevuka barabara. Tangu pale infirmière alikuja masomoni kila alhamisi, tukakaa sisi wawili na shangazi, na polepole mutoto akaanza kusema.

Bulletin ile niliipasua, nikaandika ingine. Zile asubuhi za jua sikuweza kuzipasua. Musomee directeur wako barua hii.

Koko wako