Kipimo cha Mpira Nilichokiogopa

Jumanne, Umoja

Kumbe siingizwi mpira wa mkojo! Mwaka mzima nimekwepa kliniki kwa sababu ya kile kipimo cha kibofu. Dada yangu Halima alipofanyiwa, alitoka akilia.

Leo daktari aliniambia nikohoe, mkojo ukanitoka mbele yake. Niliona aibu sana.

"Mama, hii inatosha," akasema. "Zamani tungekupima kwa mpira. Siku hizi, kwa tatizo kama lako, tunaanza na mazoezi ya kukaza misuli inayozuia mkojo."

Na yasiposaidia? Hilo bado linanitia hofu.

Nilimweleza Halima. Akasema, "Basi Ijumaa twende msikitini. Mwenye ugonjwa kama wako hutia udhu swala ikiingia, na hata mkojo ukimtoka swala yake ni sahihi."

Nimekubali. Miezi saba sijakanyaga huko, nikihofia udhu utatenguka katikati ya swala.