Kamba ya Mlangoni kwa Hénoc

Mantapala, Nchelenge
Tarehe 9 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Pierrette,

Salamu kwanza, maana mama alitufundisha hivyo hata tukiwa tumekasirika. Hamjambo huko Lubumbashi? Mguu wa mumeo Félix umepona? Binti yako Reine amefaulu mtihani? Sisi huku kambini Zambia tuko hai. Presha yangu inapanda na kushuka, miguu inavimba, na jua limekausha hata mihogo iliyobaki shambani.

Uliuliza kwa nini sipokei simu zako. Basi soma, usiruke mstari.

Ile kamba uliyoichoma mwezi wa sita mlangoni kwa ndugu yetu Hénoc haikuwa hirizi. Niliisuka mimi. Unajua akili yake inakwenda polepole tangu azaliwe, na sasa ana miaka thelathini na sita. Hasomi, na ukimwambia mambo mawili kwa pamoja yanamchanganya. Ndiyo maana nilifunga vitu vinne, kimoja chini ya kingine. Kifuniko cha soda: oga. Kipande cha bidoni: chota maji. Gunzi la mahindi: songa unga, pika bukari. Mwisho kabisa kipande cha mkaa: zima moto. Alikuwa anagusa kimoja, anakwenda kukifanya, anarudi kugusa kinachofuata.

Kumfundisha kulichukua mwaka na nusu. Aliungua vidole. Alipika bukari ambayo hata bata waliikataa. Majirani walisema namtesa mgonjwa kwa kumpa kazi. Nilivumilia kwa sababu moja tu: nikifa, nani atampikia? Wewe, ambaye ulikuwa hujamwona miaka saba?

Na alijua, Pierrette. Mwezi wa nne nilikwenda Chienge siku mbili, nikarudi nikamkuta ameshiba, mkaa wa mbabula umezimwa, sufuria imesuguliwa. Ennie, yule Mzambia anayeuza visamaki vya chisense sokoni, alikuwa akimpimia samaki wake kama mteja mwingine yeyote.

Kisha ukaja na maombi yako. Mimi nikiwa shambani, ukaiona kamba, ukaita watu, mkaimba, ukaichoma. Kuuliza si ujinga. Ungeningoja hadi saa sita tu. Niliporudi nilikuta majivu na watu wakikushukuru, nikaona haya kukupinga mbele yao, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na ninalibeba. Lako ni kubwa zaidi.

Sasa watu wanasema Hénoc alikuwa na mapepo. Ennie anamwekea samaki chini, hampi tena mkononi. Nilipomuuliza aliangalia pembeni. "Batu banaogopa, mama," akasema, akaendelea kupanga samaki wake.

Mwezi uliopita nililazwa hospitalini siku tatu. Niliporudi nilimkuta Hénoc amekaa kizingitini, bakuli la unga mkavu mapajani, midomo imepasuka. Hakuwa amekula. Majirani walipita pale siku zote tatu na hakuna aliyeingia. Nililia kwa hasira, na hasira ile ilikuwa juu yako.

Nimesuka kamba nyingine. Hénoc haigusi, na ananijibu kwa lile jina la yaya analotuitia sisi dada zake: "Ile ni ya shetani, yaya. Yaya Pierrette alisemaka." Mimi niliyemlea ananisikia katika yote, ila katika hili anakusikia wewe uliyekaa siku nne.

Kwa hiyo njoo. Usitume nguo, wala usituombee kwa simu. Njoo uwaite watu walewale, usimame mlangoni pale, uifunge kamba mpya kwa mikono yako, yeye akiona. Daktari hakunificha kuhusu moyo wangu, kwa hiyo usikawie.

Nisalimie Félix, Reine, na mama mkwe wako Claire. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe sikio la kusikia kabla ya mdomo wa kuomba.

Jambo moja bado. Kile kifuniko cha soda hakikuungua. Hénoc alikiokota majivuni na anacho mfukoni. Anasema moto ulikikataa, basi si cha shetani. Kila asubuhi anakitoa, anakigusa, anakwenda kuoga. Kisha anarudi akiwa safi, anakaa kizingitini, anangoja. Kinachofuata hakijui.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa uchungu huu,

Marthe