Mafuta ya Cheni Uliyoahidi Kuniambia

Baba,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa mezani, kisha nikasubiri, kama vile ungeitikia. Mazoea.

Nimeolewa, Baba! Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonifanya nicheke peke yangu nikiwa nachota maji. Nimeolewa na Elias yule yule, mkata samaki wa kiwandani, uliyemwita "kijana wa buti nyeupe" ukamwacha asimame juani mpaka umalize kunyoosha rimu ya mteja. Tulifunga ndoa mwezi wa nane, miezi mitano baada ya kukuzika. Tunakaa Buswelu, chumba na sebule, na dirisha letu linatazama mawe makubwa ambayo jioni hubaki na joto kama mtu aliyetoka kuota moto. Elias anaimba, Baba. Anaimba hata akiwa anapiga mswaki. Jumapili ananipakia kwenye keria ya baiskeli yako tunakwenda Mkolani kwa dada yake, nimemshika kiunoni, na mlima ukitushinda tunashuka, tunasukuma wote wawili, tunacheka mpaka pumzi inakatika. Sikujua mtu anaweza kuwa na furaha kiasi hiki na bado akaamka na hasira.

Maana nina hasira. Na wewe kwanza kabisa.

Ile chupa. Ile ya kahawia iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, haina karatasi, na kizibo chake ulikichomekea unyoya wa kuku wa kudondoshea mafuta. Ulinifundisha kila kitu kuhusu cheni: kufungua kiungo chake, kuiloweka kwenye mafuta ya taa, kuisugua kwa mswaki uliochakaa, kuianika juu ya gunia. Nilijua kuziba pancha kabla sijajua kusuka nywele. Lakini nikiuliza ndani ya chupa mna mafuta gani, unaifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha karata. "Hiyo siri ya kazi, Kabula. Siku ukiolewa nitakuambia. Ndiyo zawadi yako."

Nilikuuliza nikiwa darasa la tano. Nilikuuliza nilipomaliza kidato cha nne. Nilikuuliza ukiwa umelazwa, nimekaa pembeni ya kitanda, tayari Elias ameshaleta barua ya posa. Ulicheka, kicheko kikageuka kikohozi, ukasema, "Kwani umeshaolewa?" Siku tatu baadaye ukaondoka. Na siri ukaondoka nayo. Hivi mtu anafanyaje hivyo, Baba?

Uliwaambia baba wadogo, "Baiskeli ni ya Kabula," na hakuna aliyebisha. Ndani ya chupa yalibaki mafuta ya kimo cha kucha. Niliyatunza kwa ajili ya harusi. Elias alinipakia kutoka kanisani, yeye na suti ya kuazima, mimi na shela nimeikunja mapajani isiingie kwenye spoku, na cheni yako haikutoa sauti hata moja. Ilisikika friwili ya gurudumu la nyuma tu, tik-tik-tik, tukiteremka. Watu walipiga vigelegele, na mimi nililia, wakadhani ni haya za bibi harusi.

Baada ya wiki tatu mafuta yalikwisha na cheni ikaanza kulia.

Nataka uelewe kwa nini jambo hili si dogo. Elias bado ni kibarua. Kila alfajiri anatoka Buswelu kwa baiskeli mpaka Igogo, na geti likishafungwa, limefungwa. Ukichelewa mara tatu nafasi yako anapewa mmoja wa wale wanaosubiri nje, na wanaosubiri ni wengi. Halafu kuna jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Njia yake inapita makaburini. Inapita pale pale ulipolala. Kila siku, mara mbili kwa siku, baiskeli ya fundi inapita mbele ya kaburi la fundi ikilia kama ndama aliyeachwa na mama yake. Nilikuwa nikiwaza hilo huku nimekaa jikoni, na aibu inanichoma mpaka masikioni.

Elias, kwa kunipenda, akasema hilo jambo niliache kwake. Akaja na oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya lori, akaimimina kama anamwagilia mchicha. Kelele zikaisha, kweli. Lakini unajua wanavyovaa kiwandani, vyeupe juu mpaka chini. Akafika getini suruali yake ina mistari myeusi kuanzia magotini. Msimamizi akamwuliza mbele ya watu wote, "Wewe unakuja kukata samaki au kufunga injini?" Akarudishwa akabadilishe, na alipopata suruali ya kuazima geti lilikuwa limefungwa. Mara ya kwanza.

Nikaisafisha cheni. Nikamwambia kwa upole, maana bado tulikuwa tunaambiana kila kitu kwa upole, kwamba oili chafu ina masalia ya chuma ndani yake na inaila cheni. Akanibusu kwenye paji la uso akasema, "Basi nitakuletea kitu safi, mke wangu." Na unajua alileta nini? Mafuta ya sangara! Yale yanayoyeyushwa kutokana na mabaki ya samaki. Yalikuwa mazuri kwa macho, ya njano kama asali, na alikuwa na furaha kama mtu aliyeniletea doti ya khanga. Nilishindwa kusema hapana. Hilo ndilo kosa langu, Baba, naliandika hapa bila kulificha: nilijua, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

Siku ya kwanza paka watatu walilala chini ya baiskeli. Siku ya pili walikuja siafu. Siku ya nne vumbi la barabara yetu lilikuwa limekorogana na yale mafuta yakawa uji, na juma lilipokwisha uji ukakauka ukawa gundi. Viungo vikagoma kukunjika. Cheni ikaruka kwenye meno katikati ya kilima, Elias akaanguka, akafika kazini anachechemea na kiwiko kinatoka damu. Mara ya pili.

Hapo nikaingia mjini mwenyewe. Baba, usingelijua duka. Unakumbuka ulivyosubiri kibali ndipo upate hii baiskeli, na ulivyokuwa ukipata tairi moja unaionyesha kwa jirani kama mtoto mchanga? Siku hizi kila kitu kipo. Oili ya kopo jekundu, ya kopo la bluu, ya kupuliza, grisi ya njano, grisi nyeusi, kikopo chenye picha ya pikipiki inayoruka moto. Nilisimama mbele ya rafu nikawa kama mgeni. "Dada, chukua hii, orijino," akasema muuzaji. Na ile? "Hiyo nayo orijino." Sasa tofauti yake nini? Akanitazama kama nimemtukana. "Tofauti ni kopo, dada."

Nilinunua grisi. Ikashika mchanga, ikawa msasa, nikaitoa. Nilinunua ya kupuliza. Ikanukia vizuri, Jumatatu kimya, Jumatano cheni inalia kuliko mwanzo. Nilikuwa nanusa kila kopo nikitafuta harufu ya chupa yako. Kuna siku nilinusa kizibo chenyewe, nimefumba macho, na nilichopata ni harufu ya kuku.

Wiki iliyopita ndipo tukagombana, ugomvi wetu wa kwanza. Nilikuwa nimeigeuza baiskeli magurudumu juu, tena, na ugali unaungua. Elias alikuwa amechoka. Akasema, "Mke wangu, hiki ni chuma, si mgonjwa." Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyekiua. Akaepua ugali. Kisha akasema, "Basi kamwulize baba yako."

Alijuta neno likiwa bado mdomoni, nilimwona. Lakini lilikuwa limeshatoka. Kesho yake aliondoka kwa miguu, kabla hata jogoo hawajawika, ili awahi geti. Akaniachia baiskeli imeegemea ukuta.

Nami nikaenda kukuuliza, Baba. Sikuja kaburini. Nilikwenda Igogo, kwenye kile kibaraza ulichokalia miaka yote, kwa Mzee Athumani fundi cherehani. Amezeeka. Bado anaweka pini mdomoni. Nikamwamkia, nikamwonyesha chupa, nikamwomba kwa heshima zote aniambie tu, maana wewe huwezi tena.

Mzee Athumani akatoa pini mdomoni, moja moja, ili aweze kucheka vizuri.

"Siri? Baba yako? Mwanangu, humo alikuwa anatia chochote kilichopatikana! Akiniona nina mafuta ya cherehani, ananyoosha mkono. Mimi nikikosa, anakwenda kwa wenye malori. Kuna mwaka alitia mafuta ya pamba, yale ya kupikia, mbwa wa mtaa mzima wakamfuata mteja wake mpaka nyumbani."

Nilikaa chini kwenye kibaraza. Nikamwuliza, na zawadi yangu ya harusi je?

Akaacha kucheka. Akasema, "Nilimwuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, wewe unamdanganya mtoto, siku akiolewa utamwambia nini? Akasema, 'Athumani, mpaka Kabula aolewe nitakuwa nimeshayapata.'"

Baba.

Nilitaka kukugombeza pale pale, mbele ya mteja aliyekuja kupunguza gauni. Miaka yote ile unafunika chupa kwa kiganja, na wewe mwenyewe ulikuwa unatafuta! Nililia na nikacheka, Mzee Athumani akanipa kipande cha kitambaa nijifute, kisha akanijazia chupa mafuta ya cherehani bila kuombwa. Akasema, "Ulivyofanya kazi na baba yako mimi niliona. Mafuta yalikuwa yanabadilika. Kufuta hakukubadilika."

Nikakumbuka. Ulikuwa ukinipa kitambaa unasema, "Futa." Nafuta. "Futa tena." Nasema Baba, yote yataisha! "Yaliyoingia ndani hayatoki kwa kitambaa. Hayo ya nje unamwekea nani, vumbi?" Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara elfu, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye chupa.

Nilirudi nyumbani nikafanya kazi, sebuleni, mlango wazi. Niliiloweka cheni kwenye mafuta ya taa mara mbili mpaka samaki wa Elias wakatoka wote. Nikaisugua. Nikaianika mpaka ikawa kavu, ya kijivu, ikilia mkononi kama mchanga mkavu. Nikaifunga. Tone moja kwa unyoya, juu ya kila kiungo, kwa upande wa ndani unaopanda kwenye meno, viungo mia na kumi na mbili, nimehesabu. Nikazungusha pedeli kinyumenyume, nikaiacha inywe wakati napika. Kisha nikafuta. Nikafuta tena. Nikafuta mpaka cheni ikaonekana kama haina mafuta kabisa. Elias aliporudi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, alikaa mlangoni akanitazama. Akachukua kitambaa cha pili, akaanza kufuta upande wake.

Asubuhi aliondoka, na nikasimama nje kusikiliza. Kimya. Tik-tik-tik kwenye mteremko, basi. Aliwahi geti, akabaki na muda wa kunywa chai.

Ningependa kuishia hapo lakini mvua za vuli zilianza siku hiyo hiyo mchana. Alirudi amelowa, cheni ina kutu ya rangi ya chungwa, inalia upya. Nilikaa chini nikatamani kuirusha ziwani! Elias ndiye aliyeniinua. "Mafuta ya cherehani ni mepesi," akasema, "mvua imeyaosha. Huna mazito?" Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa ukienda kwa wenye malori. Tukanunua oili mpya ya injini, kidogo tu, tukaichanganya na mafuta ya taa ipate kupenya. Mafuta ya taa yanaruka, oili inabaki ndani ya kiungo. Halafu kufuta, kama kawaida. Imenyesha siku tatu mfululizo tangu hapo na cheni haijasema neno.

Kwa hiyo nimeyapata, Baba. Uliahidi kuniambia siku nikiolewa, na sasa mimi ndiye ninayekuambia. Kiangazi ni mafuta ya cherehani, kila Jumapili. Masika na vuli ni oili mpya ya injini na theluthi ya mafuta ya taa. Samaki, kamwe.

Siri yenyewe ndiyo hiyo. Nakukabidhi, ni zawadi yako.

Hasira imebaki kidogo, ya kwamba ulinifanya nichezee kazi ya mume wangu kwa ajili ya chupa ya kikohozi. Itaisha. Siwezi kukaa na hasira muda mrefu siku hizi, kuna mtu anaimba nyumba nzima. Naweka kalamu chini sasa, maana amerudi kutoka kisimani na anataka kujua naandika nini mpaka nina wino puani.

Lala, Baba yangu. Ninakuahidi jambo moja tu, na nitalishika kwa unyoya na kitambaa maadamu nina mikono. Kesho alfajiri Elias atapita hapo ulipo, akielekea Igogo. Hutamsikia. Ukiona kumekucha na barabara bado ni kimya, ujue ameshapita.

Kabula wako